Nywele za Jirani

Kashojwa, Nakivale
9 Februari 2003

Yudita mdogo wangu, mtoto wa mama,

Amani iwe kwako na kwa shemeji Bonaventure. Kabla hujauliza: tupo, tunakula, tunalala, na mvua tumeiona kidogo. Yule ng'ombe mwenye pembe iliyoinama amezaa ndama jike, kwa hiyo sasa nina maziwa ya kuwapelekea Wasomali wa Base Camp, hapa hapa kambini, kila asubuhi. Sikujua kama duniani kuna watu wanaopenda maziwa kutushinda sisi, lakini wapo, na wananilazimisha kukaa kunywa chai nao kabla sijaondoka. Binti yangu Ikirezi ameshanifikia masikioni kwa urefu, na ameanza kunijibu vile vile mama yake alivyokuwa akinijibu. Wakati mwingine nageuka kutazama nani amesema.

Kuhusu Kankindi, mambo ni mazuri. Ndugu za marehemu mume wake wamesema hawana neno, mchungaji naye amekubali. Tukishavuna maharage, mwezi wa sita, atatufungisha ndoa. Nina miaka hamsini na moja na naona haya kuandika hivi kwa dada yangu, lakini nina furaha. Tangu Mukamazimpaka, mama wa Ikirezi, afariki sikutegemea tena kusikia mtu ananicheka vizuri nyumbani mwangu.

Sasa kuna jambo dogo. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, mkimbizi kama sisi, ana taabu na nywele zake. Zinapungua. Zilianza kwenye paji la uso, zikarudi nyuma pande mbili, na utosini pamekuwa kama mahali ng'ombe alipolala kwenye majani. Zilizobaki zimekuwa nyembamba na laini, anasema si zake zile alizozoea. Kwa kuwa wewe kutwa unashika vichwa vya watu huko saluni, nimemwambia nitakuuliza: kisa ni nini, na dawa ni ipi? Ameniomba nisitaje jina lake.

Nitumie pia kofia. Baridi ya asubuhi imezidi. Isiwe na ukingo, upepo wa ziwani huziondoa hizo nikiwa juu ya baiskeli. Nataka inayoshika kichwa. Bienvenu wa gari la maziwa ndiye anakuletea barua hii, na majibu umpe yeye.

Kaka yako Yonatani


Mbarara, karibu na Makenke
2 Machi 2003

Kaka Yonatani,

Nilipomwona Bienvenu mlangoni na bahasha mkononi, moyo ulipiga, nikajua ni msiba. Kumbe ni harusi! Nimepiga kigelegele mpaka mteja niliyekuwa namsuka akaruka kwenye kiti. Bonaventure anakusalimu sana, amepata kazi ya kujenga ukuta huku huku na jioni anarudi mweupe kwa saruji. Mtoto ameota jino la kwanza na ameshaning'ata nalo. Mwambie Kankindi nimeshaanza kuulizia kitambaa.

Haya, jirani. Mimi vichwa vya wanaume nashika kwa nadra, wateja wangu ni wake wa askari wa kambi ya hapa Makenke. Lakini mmoja wao ni muuguzi, nikawa namsuka huku namuuliza. Anasema visa ni vingi. Kuna mapunye, lakini hayo huacha mabaka ya duara yenye magamba, na huwasha. Kuna mtu kuugua homa kali, nywele zikamwagika miezi kadhaa baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Kuna kula vibaya, na kuna mawazo. Ila wanaume wengi, anasema, hawaumwi kitu. Ni umri na ukoo. Kile kitu mwilini kinachomwotesha mwanaume ndevu, hicho hicho huzidhoofisha nywele za utosini kama amezaliwa na udhaifu huo, kwa baba au kwa upande wa mama. Basi muulize jirani yako: baba yake alikuwa na upara?

La mwisho, nakuandikia kama alivyonieleza. Kuna sida, huo ambao huku wanauita ukimwi. Nywele za mwenye sida mara nyingine huwa laini na chache kama za mtoto mchanga. Huku wanawake wakimwona mtu wa namna hiyo tu, wameanza kunong'ona. Muulize kama amekonda, au kama kuna aliyekonda nyumbani mwake.

Kofia ndiyo hii. Nyeupe, ya duara, imetariziwa kwa uzi wa kahawia. Mke wa sajini mmoja ndiye anazishona, watu wake ni wa pwani. Nimeijaribu kichwani kwa Bonaventure, inashika sawasawa. Kankindi akikuona nayo, hatasubiri maharage.

Mdogo wako Yudita


Kashojwa
27 Aprili 2003

Yudita,

Sisi wazima. Barua yako ilifika, na kofia pia. Naivaa. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya barabara.

Jirani amejibu maswali. Hawashwi na hana magamba. Homa hakuugua. Chakula anakula. Baba yake alikufa mzee na hakuwa na upara hata siku moja, kwa hiyo hilo la ukoo tuliondoe.

Dawa amejaribu. Alisugua kitunguu mpaka watoto wakakataa kukaa karibu naye. Alipaka mafuta ya nyonyo, yakamchuruzika hadi shingoni. Alinunua sokoni Kabingo dawa ya kopo lenye picha ya simba kwa mtu anayetangaza kwa kipaza sauti, ikamchoma ngozi. Mwisho alichukua oili chafu ya gari na kiberiti cha unga, ile tuliyokuwa tukiwapaka ng'ombe wenye mabaka kule nyumbani. Ng'ombe huota manyoya mapya. Jirani hakuota.

Harusi tumeisogeza mbele. Maharage hayakutoka vizuri.

Lile neno uliloandika mwishoni nilimsomea jirani. Akaniomba nimsomee tena.

Yonatani


Mbarara
18 Mei 2003

Kaka Yonatani,

Nakusalimu nikiwa nimekasirika, basi salamu uzipokee hivyo hivyo. Bonaventure mzima, mtoto mzima, ukuta umekwisha.

Kwanza mwambie jirani yako, kwa maneno haya haya, kwamba yeye si ng'ombe. Oili ya gari kichwani! Kesho ataingia kwenye josho la kupe. Muuguzi wangu aliposikia alishika mdomo, akasema dawa ya namna hiyo huunguza ngozi na kuitia vidonda, nywele haiziotishi hata kidogo. Aoshe kichwa kwa maji na sabuni ya kawaida, asipake kitu kingine.

Pili, nilimkalisha Bienvenu kwenye kiti cha wateja, nikampa chai, nikamwambia, "Nieleze kaka yangu anaishi namna gani." Alizungusha kikombe muda mrefu.

"Mama, Yonatani haingiaka tena mu kanisa," akasema. "Anasimamaka inje, karibu na dirisha, na kofia yake. Bantu bakianza kutoka, yeye ameshaenda. Kusali mbele ya bantu ameacha."

"Na maharage?"

"Maharage? Mwaka huu ni mingi, Mama. Hata fasi ya kuweka hakuna."

Kwa hiyo maharage ni mengi. Kaka yangu, mzee wa kanisa, ambaye tangu nikiwa mdogo alikuwa akisali mpaka chakula kinapoa, sasa anasikiliza neno la Mungu kupitia dirishani. Na mwanamke mzuri anaambiwa asubiri mazao ambayo yameshajaa ghalani. Mimi si mtoto, Yonatani. Wanaume wakiingia kanisani huvua kofia, hilo najua.

Jirani yako anaitwa nani? Niandikie jina tu, sihitaji maelezo.

Yudita


Kashojwa
22 Juni 2003

Yudita,

Salamu za Ikirezi. Ndama anakua. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimeishia kwa ndama.

Unakumbuka siku ya kumaliza kilio cha Mukamazimpaka, tulinyoa vichwa wote kama inavyotakiwa. Zako zilirudi, za Ikirezi zikarudi, zangu zikakataa. Pembeni ziliota, utosini hazikuota. Wakati ule nilisema ni huzuni, zitakuja. Mwaka ukapita, na mwingine. Nilikuwa nazichana kutoka pembeni kwenda juu na hakuna aliyeona. Baadaye hata za kuchana zikawa hazitoshi.

Kisha ukaandika lile neno. Uliuliza kama kuna aliyekonda nyumbani mwake. Yudita, wewe ulikuwepo. Ulimwona Mukamazimpaka mwisho wake, ulimbeba kwa mkono mmoja kumpeleka nje kuota jua. Alikohoa miezi yote ile na hakuna aliyetuambia ni nini. Mimi sikuuliza. Tangu siku niliyosoma barua yako sijapata usingizi wa kueleweka. Nikijitazama kwenye maji ya debe naona nywele za mtoto mchanga, kama ulivyosema.

Kankindi ana watoto wawili ambao hawana mtu mwingine. Nikimwoa na kumletea kifo nyumbani, nitasimama wapi mbele ya Mungu? Nikimwambia sababu, watu wote watajua, na Ikirezi hataolewa. Ndiyo maana nimesema maharage. Alikuja kuniuliza kwa upole, nikamjibu kwa ukali ili aondoke. Aliondoka. Naumia vibaya sana.

Usiniambie nikapime. Sitaki kujua. Nikiwa sijui, bado kuna siku chache ninaamka nimesahau.

Jina la jirani ni mtoto wa Gasore.

Yonatani


Mbarara
25 Juni 2003

Kaka yangu,

Bienvenu nimemzuia hapa mlangoni na gari lake linanguruma, anapiga honi, na aendelee kupiga. Salamu utazipata barua nyingine.

Nimesoma barua yako nimelia, halafu nilipofika kwenye jina nimecheka mpaka wateja wakadhani nimepagawa. Mtoto wa Gasore, baba yangu na wako! Na baba yake "hakuwa na upara hata siku moja"! Yonatani, kama ungeandika mwezi wa pili kwamba kichwa ni chako, ningekujibu kwa mstari mmoja na usingeunguza ngozi yako.

Sikiliza. Kila Jumamosi kule kwetu Mulenge, wewe na ndugu zetu mkiwa malishoni, mama alimkalisha baba nyuma ya nyumba akamnyoa kwa wembe. Wewe ulirudi jioni ukakuta kichwa kinang'aa, ukajua baba ni mtu msafi anayejiandaa kwa kanisa. Sote tulisifu usafi wa baba. Lakini mimi ndiye niliyeshika beseni. Nilisimama pale tangu nikiwa na kimo cha magoti yake, na nilikuwa naona kila kitu. Katikati hapakuwa na cha kunyoa! Mama alipitisha wembe pembeni tu, kutoka sikio hadi sikio kwa nyuma, mahali penye ukubwa wa kola ya shati. Utosini alipangusa kwa kitambaa na mafuta ya ng'ombe. Na baba wakati ule alikuwa kijana kuliko wewe leo.

Mama aliniambia, "Yudita, kichwa hiki ni chetu sisi watatu. Kaka zako wasijue, wataacha kumwogopa." Nikanyamaza, maana ulimfahamu mama. Wazee wote wawili walizikwa na siri yao, nami nikaisahau, kwa sababu nani angeniuliza habari za upara wa baba? Nywele zako hazikukataa kurudi kwa sababu ya kilio. Zilikuwa zinaondoka pole pole tangu zamani, nawe hukuona mpaka wembe ulipozifuta zote na zikashindwa kurudi pamoja. Ungekuwa na macho utosini ungejua.

Hiyo ni habari ya nywele. Habari ya damu ni nyingine, na upara wa baba hauwezi kuijibu. Mukamazimpaka alikonda, ni kweli, nilimbeba. Kwa hiyo utapima. Umesema nisikwambie, nimekwambia. Huwezi kumwacha Kankindi anasubiri maharage maisha yake yote. Panda gari la maziwa wiki ijayo, shuka kwangu, tutakwenda wote. Nitakaa kwenye benchi, sitaingia, sitauliza. Jibu likiwa baya, siku hizi watu wanapata dawa na wanaishi, na wewe una dada.

Ukikataa nitakuja mimi huko, niingie kanisani kwenu, na niombe nafasi ya kutoa ushuhuda kuhusu beseni.

Yudita


Kashojwa
3 Agosti 2003

Yudita mtoto wa mama, mshika beseni,

Leo salamu ninazo nyingi, kunja kanga uzipokee. Ikirezi anakusalimu, ndama anakusalimu, hata Bienvenu aliyesimama hapa anasema nikusalimu ingawa yeye ndiye atakayekuona.

Nilipotoka kwenye chumba cha kupimia damu siku ile uliniangalia usoni, nikasema "salama" tu, tukaenda kula. Wewe uliheshimu ahadi yako, hukuuliza kitu, ila ulinipakulia nyama mara tatu. Sikuweza kusema zaidi. Ningefungua mdomo ningelia mbele ya watu wa hotelini. Sasa nakueleza.

Muuguzi alikuwa mama mnene wa huko huko Mbarara, anasema Kiswahili cha askari. Alitazama karatasi akasema, "Sebo, bwana, hapa hakuna kitu. Damu yako iko safi."

Nikamwambia, "Soma tena."

"Nimesoma. Iko safi. Bibi yako uliyenieleza, alikufa lini?"

"Miaka mitatu."

"Na baada ya yeye, mwanamke mwingine?"

Nikasema hapana, naye akasema, "Basi imekwisha. Sasa unalia nini, mzee?"

Nililia, Yudita. Nililia kwa ajili ya Ikirezi na Kankindi, na nililia kwa ajili ya Mukamazimpaka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumfikiria vibaya marehemu wa watu ambaye hawezi kujitetea. Yule mama alisema kikohozi cha namna ile huenda kilikuwa kifua kikuu, lakini sasa hakuna wa kujua. Akaniacha nimalize. Kisha akanyoosha kidole kwenye kofia: "Toa hiyo, nione." Nikavua. Alikitazama kichwa kama mtu anayekagua kabichi sokoni.

"Hii?" akasema. "Hii ni uzee tu, na baba yako. Dawa iko, ya maji, unapaka asubuhi na jioni. Kwa wengine inasaidia kidogo. Lakini ukiacha, nywele inaenda tena. Mpaka ufe unapaka. Unataka?"

Nikamwambia nina ng'ombe wa kukamua asubuhi na jioni, siwezi kuongeza na kichwa. Alicheka mpaka akagonga meza.

Nilirudi huku nikaenda moja kwa moja kwa Kankindi kabla ya kufika kwangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichagua maharage, hayo hayo ambayo hayakutoka vizuri. Hakuniinulia macho, na alikuwa na haki. Sikujua nianzie wapi. Nilivua kofia, nikainamisha kichwa mbele yake ili aone chote. Nikasema, "Kankindi, sababu ni hii." Nikamweleza yote, woga wangu, damu, muuguzi, na baba.

Aliinamia maharage yake. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Akapiga makofi mara moja, akasema, "Mama yangu! Ni hii tu? Miye nilizani umeslimu!"

"Nimesilimu vipi?"

"Weye! Kila asubuhi uko na Wasomali, unakunywa chai yabo. Kanisa umeacha. Na ile kofia, Yonatani! Ile kofia ni ya nani mu Kashojwa hii? Siye bamama ba kanisa tumefunga kila siku ya tano ya juma juu yako, tunaomba urudi. Pasta alisema tusikusukume."

Yudita. Kofia yako nyeupe ya duara, iliyotariziwa na watu wa pwani. Nimezunguka nayo Nakivale nzima tangu mwezi wa tatu nikidhani nimejificha. Sasa naelewa kwa nini watu walinishika mkono kwa huruma. Hata mteja wangu Msomali, mtu mwema sana, asubuhi niliyofika kichwa wazi aliniuliza kwa upole kama nimebadili mawazo. Nilipomweleza alicheka, akanimiminia chai, akasema nije tu, nikiwa na kofia au bila kofia.

Jumapili iliyopita niliingia kanisani kwa mlango. Mchungaji aliniita nisali. Nilisimama mbele, upara wangu umeelekea watu wote, na akina mama wakapiga vigelegele kabla sijasema hata neno. Wengine bado wanaamini wameniombea nikarudi. Nimeshindwa kuwanyang'anya furaha hiyo.

Harusi ni tarehe 20 mwezi wa tisa. Lete kitambaa.

Kaka yako Yonatani


Mbarara
17 Agosti 2003

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Nilimsomea Bonaventure barua yako ikabidi nirudie sehemu ya kofia, maana mara ya kwanza hakusikia kwa kicheko chake mwenyewe. Naapa, mimi niliona uzi mzuri tu. Kule kwetu milimani nani alivaa kofia ya namna ile ili nijue? Mke wa sajini nilipomweleza alisema basi tumkaribishe hata yeye harusini, aje aone kichwa kilichovishwa kofia yake.

Lakini usiku ule baada ya nyama, ulipolala, mimi nililia peke yangu jikoni. Sikukwambia. Niliogopa kuliko wewe. Sasa yamekwisha na nashukuru sana.

Kitambaa nimepata, rangi ya udongo wa kwetu. Tunakuja wote, na mtoto mwenye meno manne.

Yudita


Kashojwa
2 Novemba 2003

Mdogo wangu Yudita,

Tangu mlipoondoka nyumba imekuwa kubwa, halafu watoto wa Kankindi wakaijaza tena. Yule mdogo ananiita baba kama ni jina langu la siku zote. Mvua imekuja vizuri, tumepanda. Kankindi anavaa kile kitambaa hata kwenda shambani, nimemkataza, hasikii. Afya tunayo, na mimi nalala usiku wote, hata ng'ombe akilia sisikii.

Nina jambo moja tu, nalo si la shida.

Jana ilikuwa Jumamosi. Kankindi alisema nywele zangu za pembeni zimekuwa kama majani yaliyosahauliwa kando ya njia, na kwamba mume wake hataingia kanisani hivyo. Akanitoa nyuma ya nyumba akanikalisha kwenye kigoda. Nilipinga kidogo. Nilimwambia nikinyolewa watu watasema tumefiwa. Akasema, "Baseme. Batazoea." Na kweli, jioni hiyo hiyo mama mmoja wa jirani alikuja na kuni kichwani kutupa pole. Ilibidi tumweleze, tukamgawia chakula, akaenda na kuni zake.

Basi Kankindi akapaka sabuni, akaanza na wembe, sikio hadi sikio. Sikuwa nimetazama ni nani amesimama pembeni yangu. Nilipoinua macho nikamwona Ikirezi ameshika beseni.

Yudita! Nilikuona wewe pale, na baba, na mama yetu na mafuta ya ng'ombe. Nilimwona baba ameketi hivyo Jumamosi zote zile, anaogopa wanawe tusijue kitu ambacho siku moja kingetufika sisi wenyewe. Nilimhurumia sana. Laiti angetuonyesha, ningecheka naye, na mwaka huu ningelala.

Kankindi alipomaliza alinipangusa, akamwambia Ikirezi kwa sauti ya chini, "Sasa weye, hii usiseme kwa bantu. Ni ya baba yako."

Nikasema, "Hapana. Aseme."

Wakanitazama wote wawili. Nikamwambia, "Ikirezi, waambie hawa wadogo zako wawili leo leo, na mtoto wa shangazi yako Yudita akishaanza kuelewa, mwambie na yeye. Siku moja ukizaa wavulana, waambie kabla hawajauliza. Waambie babu yao alikuwa na upara, na baba yake babu alikuwa na upara, na wote walikufa wazee."

Alicheka, akaenda kumwaga maji kwenye migomba. Kutoka huko nyuma nilimsikia ameshaanza kuwaambia.

Kofia nimempa ndama. Amekula nusu.

Kaka yako,
Yonatani mtoto wa Gasore